Maswali ya wasomaji: makumbusho ya mabomu ya ardhini, Siem Reap

SWALI: Tunakwenda Kambodia kuona mahekalu ya Angkor. Tumesikia kuna makumbusho ya mabomu ya kutegwa ardhini. Yako wapi, tutazame nini, na je, yanamfaa mtoto wa miaka tisa?

JIBU: Yako kilomita 25 hivi kaskazini mwa Siem Reap, kwenye barabara iendayo hekalu la Banteay Srei. Unganisheni safari hizo mbili, na mpatane na dereva mapema kwamba atawasubiri. Tiketi ya Angkor haitumiki hapo. Kuna kiingilio chake. Mwanzilishi, Aki Ra, alifanywa askari akiwa mtoto, akatega mabomu, baadaye akarudi kuyategua kwa mikono yake. Alianzisha makumbusho mwaka 1997, yakahamia hapo 2007.

Mabomu mtakayoyaona yameondolewa baruti. Angalieni zaidi ukubwa wake. Type 72 ya Kichina ina upana wa sentimita 8 hivi na gramu 51 tu za baruti ya TNT: kiganja kinaifunika. Kiasi hicho kinatosha kuukata mguu bila kuua, na ndivyo ilivyokusudiwa, maana majeruhi anahitaji wenzake wa kumbeba. Mwili wake ni plastiki, hivyo kifaa cha kutafuta chuma kinaweza kuipita. POMZ-2 inafanana na gunzi la mahindi lililochomekwa kwenye kijiti. Hulipuka waya wake ukivutwa. TM-46 ni ya kulipua vifaru vya kivita. Mtu akiikanyaga kwa kawaida hailipuki, lakini trekta lililobeba familia huilipua.

Kisha simameni mbele ya miguu bandia. Mlipuko husukuma udongo, plastiki na vipande vya kiatu ndani ya nyama, na jeraha huoza; kwa hiyo daktari hulazimika kukata juu zaidi ya panapoonekana pameumia. Mtu mzima hubadilisha mguu bandia kila miaka mitatu hadi mitano. Mtoto, kila miezi sita, kwa kuwa anakua, na mfupa ukirefuka kuliko ngozi hurudishwa kwenye upasuaji. Tangu 1979 waliouawa na kujeruhiwa Kambodia ni zaidi ya 64,000.

Mtoto wenu aende, ila mwelezeni kabla kwamba ataona picha za watu waliokatwa viungo.

SWALI: Ni kweli panya wanatafuta mabomu huko?

JIBU: Kweli, na wanafunzwa Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine. Shirika la APOPO, linalowafunza, lina kituo cha wageni Siem Reap, mpelekeni mtoto. Panya buku hunusa TNT yenyewe, hahangaishwi na misumari na makopo, na ni mwepesi mno kulipua bomu. Mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la Uingereza la kutetea wanyama, mwaka 2020.

SWALI: Tukikuta kitu cha kutiliwa shaka shambani?

JIBU: Simameni hapo hapo. Msikiguse, msikirushie jiwe: fyuzi (kiwashio cha bomu) iliyozeeka haitabiriki. Rudini kwa kukanyaga nyayo zenu wenyewe hadi kwenye njia iliyozoeleka, kisha mwambieni mwenyeji au polisi. Kibao chekundu chenye fuvu kisipitwe hata hatua moja. Na pasipo na kibao msipaamini pia, kwa sababu mafuriko huyahamisha mabomu. Fuateni njia ambayo wanakijiji wanapita kila siku.