"Had" na injini ya mtumbwi
Umeuliza kwa nini umekoseshwa kwenye Kiingereza kwa "I had repaired the engine" wakati injini ya mtumbwi uliipeleka kwa fundi pale Mwaloni, Kirumba. Ni kwa sababu hapo umesema ulikuwa umeitengeneza wewe mwenyewe. Injini itangulie kitenzi: "I had the engine repaired". Mpangilio ndio unaobeba maana yote. Sisi kwenye Kiswahili tunabandika kiambishi tu, nilitengenezesha, biashara imeisha.

Ukimtaja fundi, kitenzi kinabaki kitupu: "I had the mechanic repair it", bila "to", bila "-ed". Wengi huteleza hapa maana "get" yenyewe inaidai hiyo "to": "I got him to repair it". Kwenye swali ita "did": "Did you have it repaired?" Halafu "I had my net stolen" si kwamba uliagiza wizi, ni mkasa uliokupata.

Ile "Had I known a storm was coming" ni habari nyingine: ni "If I had known", ila "if" imetoka, "had" ikaruka mbele. Kukanusha ni "Had I not known", si "Hadn't I known". Ina urasmi mwingi. Ukipiga stori na mtalii gatini, "if" inatosha.