Mjukuu wangu na urais wa nchi mbili

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na sauti ya mjukuu wangu akilia nimeirudia mara tatu kabla ya kulala. Umeniuliza jambo alilolianzisha mjomba wako siku ya akika, alipompakata mtoto akasema, "Huyu ndiye rais wetu, wa Kenya na wa Tanzania." Watu wakacheka, wewe ukabaki na swali: mtoto kazaliwa Kwale, huko Kenya, baba Mkenya, mama Mtanzania, siku akiutaka urais wa huku kwetu Tanzania atakubaliwa?

Kwa sheria ilivyo leo, hapana. Huko kwa baba yake, ndiyo.

Ibara ya 39 ya Katiba yetu yataka mgombea awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama chake. Miaka itafika yenyewe na vyama vipo tele. Hilo la kwanza ndilo litakalomkwamisha. Sheria ya Uraia ya 1995 imetugawa mafungu matatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani mgeni aliyeomba akapewa. Aliyezaliwa nje na mzazi Mtanzania huingia fungu la pili. Ni Mtanzania, hakuna wa kumnyang'anya utoto wake kwangu, lakini Ikulu haendi. Tena akitimiza miaka 18 itambidi achague, maana huku mtu mzima haruhusiwi kushika uraia wa nchi mbili.

Kenya nao wanataka raia wa kuzaliwa, neno ni lilelile, ila maana yake siyo hii yetu. Ibara ya 14 ya Katiba yao ya 2010 yasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa baba au mama yake alikuwa raia, awe kazaliwa Kenya au kwingineko. Kwa hiyo hata ungejifungulia hospitali ya Bombo, hapa Tanga, pale nilipokuzaa wewe, Kenya isingempunguzia kitu. Na sisi tungempata kamili.

Nilikwambia, ukaniona mama wa zamani. Mimba ya kwanza mtu hurudi kwao, akakandwe na mama yake. Wewe ukasema kliniki iko karibu na kuvuka mpaka wa Horohoro na tumbo la miezi minane ni adhabu. Sikukulaumu, nami nilikuwa nawazia uji wa pilipili manga na maji ya moto tu, urais haukunijia kichwani. Kumbe mila ya bibi zako ingemaliza kazi yote ya wanasheria.

Haya ya karatasi mimi yamenifunza. Nilizaliwa nyumbani, Mkinga, mwaka 1958, mkunga akiwa shangazi yake bibi yako. Cheti hakuna. Nilipotaka pasi ya kwenda Hija, karani akaniuliza mama yangu kazaliwa wapi. Nikacheka, nikidhani ananitania. Kumbe sisi tuliozaliwa kabla ya Uhuru tuliupata uraia tarehe 9 Desemba 1961 kwa kuzaliwa Tanganyika, na mzazi mmoja naye awe kazaliwa Tanganyika. Bibi yako kazaliwa Vanga, ng'ambo ya mpaka. Ikabidi nitafute mzee wa kuapa kwamba babu yako ni wa hukuhuku. Miezi mitatu natembea na bahasha kwapani, mpaka jasho likafuta mhuri wa kwanza.

Na mimi nilikuwa naomba pasi tu. Mzee Kaunda kazaliwa Chinsali, akaitawala Zambia miaka 27, lakini wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1996 Katiba yao ikarekebishwa: mgombea urais sharti wazazi wake wote wawili wawe Wazambia. Mzee akazibiwa njia hivyo. Kifungu cha namna ile mwandishi wake huwa anamtazama mtu usoni, na Wazambia wenyewe walikuja kukiondoa 2016. Chetu hakina ubaya huo, hakikuandikwa kumlenga mtu. Lakini ukiniuliza mimi, ya Kenya ni ya haki zaidi. Mtoto hachagui wodi.

Cheti cha huyo mtoto umeshakichukua? Usingoje aanze shule. Kesho kuna basi la asubuhi, nakutumia nakala ya cheti chako pamoja na kilo tano za mchele na mbata kidogo. Viweke vyeti vyote mahali pamoja, visilowe.

Na huyo wa pili, Mungu akijaalia, mwambie mumeo mapema. Chumba cha uani nimeshakipaka chokaa.

Mama yako