Rafu ya Mwalimu: Katekista, Afande na Tiketi ya Ivan

Katekista wa Tororo anauliza:

Mwalimu, salamu nyingi. Mimi ni katekista wa kigango. Padri mmoja mzee alipohama parokia aliniachia sanduku la vitabu, na ndani yake nikakuta ile riwaya ya Dostoevsky kuhusu ndugu wa ukoo wa Karamazov. Nilisoma vizuri mpaka pale Ivan anapomsimulia mdogo wake Alyosha habari za watoto walioteswa, halafu anasema kama furaha ya mbinguni inalipiwa kwa machozi ya mtoto mmoja, basi yeye tiketi yake anairudisha kwa heshima zote. Tangu siku hiyo, nikiwa mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza na nikafika kwenye “Mungu ni mwema”, sauti inakwama kooni. Sijui nifunge kitabu au niache ukatekista. Tafadhali usitaje jina langu.

Mwalimu anajibu:

Kitabu usikifunge. Ukatekista nao usiuache kwanza, maana hujamaliza kusoma.

Ulipokwama wewe ndipo wanapokwama wengi. Nilifundisha fasihi sekondari hapa Jinja mpaka nikastaafu, na nakala yangu ya riwaya hiyo imepita mikononi mwa watu wengi. Ukiishika leo inafunguka yenyewe kwenye kitabu cha tano, pale Ivan na Alyosha walipokaa hotelini kula supu ya samaki. Kuanzia hapo kwenda mbele karatasi ni safi, hazina hata doa la chai.

Ivan si mjinga, na hasemi uongo. Mvulana wa miaka minane anarusha jiwe katika mchezo, linamuumiza mguu mbwa wa jenerali. Kesho yake jenerali anaamuru avuliwe nguo mbele ya mama yake, kisha anamfungulia mbwa wake. Dostoevsky hakuitunga habari hiyo, aliiokota kwenye machapisho ya Urusi ya wakati wake. Je, uliona Alyosha alivyojibu alipoulizwa jenerali huyo afanywe nini? Yule kijana mpole, aliyevaa kanzu ya kitawa, alisema apigwe risasi. Mimi hapo ndipo nilipoanza kumpenda. Kwa hiyo sauti ikikukwama mbele ya watoto, usikimbilie kumsingizia shetani. Umesoma ukaelewa, basi.

Mwandishi mwenyewe aliogopa. Riwaya ilitoka kwa sehemu katika jarida, mwaka 1879 na 1880. Mkubwa mmoja, Pobedonostsev, ambaye baadaye kidogo serikali ilimkabidhi usimamizi wa Kanisa la Urusi, akamwandikia: haya maneno ya Ivan ni mazito, jibu lake liko wapi? Dostoevsky akamjibu kwamba jibu halitakuja hoja kwa hoja, litakuja kwa namna watu wanavyoishi ndani ya hadithi, na kwamba yeye mwenyewe ana hofu huenda lisitoshe. Wala hofu hiyo haikuwa ya mezani. Mei 1878 alikuwa amemzika mwanawe, mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu, aliyekufa kwa kifafa, ugonjwa wa baba yake. Jina la mtoto lilikuwa Alyosha. Mwezi uliofuata Dostoevsky akaenda monasteri ya Optina kuonana na mzee Ambrose, na mkewe ameandika kwamba maneno aliyorudi nayo kutoka huko ndiyo aliyoyatia kinywani mwa mzee Zosima, mtawa anayemlea Alyosha wa riwayani. Rudi kitabu cha pili umtafute yule mwanamke aliyefiwa. Mwanawe alikuwa na miaka mitatu kasoro miezi mitatu. Zosima hamwambii anyamaze. Anamwambia asifarijike, alie.

Sasa endelea mbele. Zosima anakufa, na mji mzima unangoja muujiza, kwa sababu wameaminishwa kwamba mwili wa mtakatifu hauozi. Wewe unayeona watu wakipita kwa miguu kila mwaka kwenda Namugongo kwa ajili ya Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda, unajua jinsi waumini wanavyotamani alama ya kushika mkononi. Basi siku ile ile, kabla jua halijazama, mwili wa Zosima umeshaanza kunuka. Hapo ndipo Alyosha anapoanguka. Hoja zote za kaka yake alikuwa amezisikia akasimama, ila harufu ilimwangusha. Mimi sijawahi kumjua mtu aliyeacha kanisa kwa sababu ya kitabu. Watu huacha kwa sababu ya jambo lililotokea mahali fulani, siku fulani, mbele ya macho yao.

Mimi niliacha. Mdogo wangu alikufa kwa slim, yaani UKIMWI, miaka ile tuliyokuwa tukitoka maziko haya tunaingia mengine, na mhubiri akasimama kando ya kaburi akageuza mazishi kuwa somo la mshahara wa dhambi, mama yetu akisikiliza. Sikukanyaga tena kanisani kwa muda mrefu. Kilichonirudisha hakikuwa mahubiri mazuri zaidi. Jirani yetu mmoja, mama wa Kinubi, Mwislamu wa sala tano, alikuwa akija kila asubuhi na birika la chai, anakaa na mama, anaondoka bila kutamka neno la dini. Chai hiyo inahusianaje na Utatu Mtakatifu siwezi kukueleza, na mwenye kuweza sijamwona.

Alyosha naye alirudishwa na mtu ambaye hakutarajiwa. Rakitin, mseminari mwenye kijicho, anampeleka kwa Grushenka, mwanamke mwenye sifa mbaya mjini, ili amharibu. Kazi hiyo ameahidiwa rubo 25. Grushenka anamkalia Alyosha magotini, anacheka. Anapoambiwa kwamba Zosima amekufa, anaruka chini na kufanya ishara ya msalaba. Ni hayo tu! Hakuna mwili uliokataa kuoza wala kiwete aliyetembea, kuna mwanamke aliyeona haya kumtania mfiwa. Hadithi ya kitunguu anayoisimulia baada ya hapo sikuharibii, isome mwenyewe.

Halafu fika kwa wavulana, maana hao ndio wanaokuhusu. Ivan anakusanya watoto wa magazetini. Ananakili habari zao na kuzihifadhi, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumshika mkono. Alyosha ana mtoto mmoja tu, Ilyusha, ambaye siku ya kwanza anampiga mawe na kumng’ata kidole mpaka mfupani, kwa sababu kaka mkubwa wa Alyosha alimburuta baba wa mtoto huyo kwa ndevu mbele ya watu. Alyosha anafunga kidole kwa kitambaa, anamuuliza, nimekukosea nini? Kisha anaitafuta nyumba yao. Wale wavulana waliokuwa wakirushiana mawe na Ilyusha anawaleta kitandani kwake, mmoja leo, mwingine kesho. Mtoto anakufa vilevile. Mwishoni kabisa Alyosha, akiwa ameshatoka monasterini, amesimama kwenye jiwe pamoja na wavulana kama kumi na wawili, na mmoja anamuuliza kama ni kweli tutafufuka. Anamjibu ndiyo, tena kwa furaha, halafu anawaambia waende wakale chapati za matanga.

Hakumshinda Ivan. Nimesoma kitabu hicho mara nyingi na bado naona Ivan hajajibiwa. Lakini aliyebaki na watoto ni yule mwingine. Kwa hiyo darasani usijaribu kumjibu Ivan, watoto wa miaka tisa hawana habari naye. Ukifika kwenye “Mungu ni mwema” na sauti ikakwama, iache ikwame. Fungua daftari la mahudhurio uone nani hakuja, na kipindi kikiisha uende kwao. Paroko akiuliza kwa nini masomo yamechelewa, mwambie ulikuwa kazini.

Polisi mstaafu, Naguru, Kampala, anauliza:

Mwalimu, nimesoma Les Misérables ya Victor Hugo. Inspekta Javert hakula rushwa. Hakumkamata mtu nje ya sheria. Alimfuata mfungwa aliyevunja masharti, kama kazi inavyotaka. Kwa nini anaishia kujitupa mtoni, na mwizi Valjean anakufa kama mtakatifu? Sisi tuliofanya kazi kwa uaminifu tunafundishwa nini hapo?

Mwalimu anajibu:

Afande, mimi ni mtoto wa kambi. Baba alikuwa sajini, na Kiswahili changu cha mwanzo ni cha gwaride na cha foleni ya maji nyuma ya nyumba za askari. Nakujibu kwa heshima hiyo.

Hugo anamheshimu Javert kuliko wasomaji wengi wanavyomheshimu. Anatuambia amezaliwa gerezani, mama mpiga ramli, baba mfungwa, akachagua kusimama upande wa pili wa ukuta. Anapoambiwa kwamba amemshuku meya bure kuwa ndiye Valjean, anakwenda kwa meya huyo mwenyewe kuungama na kuomba afukuzwe kazi. Afande, katika utumishi wako wote uliwahi kuona afisa akiomba afukuzwe kwa kosa ambalo mkubwa wake hata hajalijua? Mimi barabarani hapa nawaona wengine kabisa.

Ila Javert alikuwa na imani, nayo ni kwamba sheria na wema ni kitu kimoja. Valjean aliiba mkate, akahukumiwa miaka mitano, kwa kutoroka-toroka ikawa 19. Kwa Javert mtu kama huyo ameshaandikwa. Kisha Juni 1832, kwenye vizuizi vya waasi mjini Paris, Javert anafungwa kamba kama jasusi na Valjean anapewa nafasi ya kumuua. Valjean anakata kamba, anapiga risasi hewani, anamwambia nenda. Usiku wa siku ile ile Javert naye anamwachia Valjean, na akishamwachia anagundua kwamba amekosa kazi na amefanya vema kwa tendo lile lile. Mkubwa wake sasa ni Mungu, na hajui barua ya kujiuzulu kwa mkubwa wa namna hiyo hupelekwa ofisi gani.

Watu wakifika hapo hukimbilia mtoni. Mimi nakuomba usimame kwenye ukurasa unaotangulia. Kabla ya kujitupa, Javert anaingia kituo cha polisi, anaomba kalamu, anaandika mapendekezo kumi kwa faida ya utumishi. Anaandika kwamba wafungwa wanaorudi kutoka kuhojiwa huvuliwa viatu na kusimamishwa miguu mitupu juu ya sakafu ya mawe, wakaanza kukohoa, na gharama za hospitali zikapanda. Anaandika kwamba gereza fulani huwakata wafungwa wafumaji sarafu 10 za sou kila uzi ukikatika, na kwamba huo ni uonevu wa mkandarasi, kwa kuwa kitambaa hakiharibiki. Anatia sahihi, inspekta wa daraja la kwanza, Juni 7, 1832, saa saba usiku. Halafu anatoka, anaweka kofia yake juu ya ukuta wa kando ya mto.

Miguu mitupu, Afande! Mtu ambaye hakuwahi kumhurumia mfungwa ameiona miguu yao, na kwa kuwa hana lugha nyingine ameiandika kwa lugha ya ripoti. Hugo anaipitisha barua hiyo kwa kejeli kidogo, na mimi nina ugomvi naye kwa hilo. Javert angefika asubuhi, Paris nzima isingekuwa na polisi wa kumshinda. Kilichomuua ni kudhani kwamba imani ikipata ufa inakuwa si imani tena, na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia vinginevyo. Hakuwa na mke wala rafiki, wala jirani wa kumgongea mlango.

Wewe ulifika pensheni. Kama kuna mapendekezo uliyoyameza miaka ile, yaandike sasa. Jarida hili litayasoma.

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Mbale, anauliza:

Kwa nini kila siku ni Warusi na Wafaransa? Waafrika hatuna watu wanaogombana na Mungu vitabuni?

Mwalimu anajibu:

Tunao, na mmoja ni wa hapa hapa. Lawino wa Okot p’Bitek, katika Song of Lawino, shairi lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1966, aliingia darasa la dini akakuta watu wanapiga kelele za maneno wasiyoyajua, akatoka kwenda ngomani. Anauliza maswali ya mtu mzima: huyo aliyeumba, udongo aliuchimba wapi, na alisimama wapi alipokuwa akichimba? Mumewe Ocol, msomi, anaona maswali hayo ni ya kijinga na hajibu hata moja. Lawino pia anawaona walimu wa dini wanavyokodolea macho vifua vya wasichana, na anasema waziwazi. Mwalimu wako akikuambia ni shairi la mume na mke tu, nyamaza uendelee kusoma.

Lakini kwa Kiswahili anza na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Kezilahabi alizaliwa kisiwani Ukerewe, katika ziwa hili hili linalopiga mawe ya Jinja, na alisoma seminari, kwa hiyo katekisimu anaijua kwa ndani. Baba anamlinda Rosa kwa fimbo, shule inamlinda kwa kuta, na siku anapoachwa peke yake hajui kujilinda hata dakika moja. Kitabu kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni Tanzania. Sura ya mwisho inampeleka Rosa na baba yake, wote wakiwa wafu, mbele ya Mungu, wakashitakiane. Soma mashitaka ya pande zote mbili kabla hujaamua uko upande wa nani. Kitabu ni chembamba, utakimaliza kabla mitihani ya majaribio haijaanza.