Gitaa la besi linalokwaruza: usikubali freti zisagwe kwanza

Ndugu yangu wa Mikindani, nimekuelewa: uzi mnene wa E unakwaruza kwenye freti za mwanzo (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa), nyuzi zinashika kutu mapema, na fundi anataka kuzisaga freti. Naomba umzuie, kwa sababu freti ikishasagwa hairudi, ilhali mkwaruzo wa mwanzoni mwa shingo mara nyingi hutokana na shingo iliyonyooka kupita kiasi.

Tyuni gitaa, kandamiza uzi huo kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha tazama freti ya nane: pakikosekana mwanya kati ya uzi na freti hiyo wa takriban milimita 0.3, yaani unene wa kadi ya biashara, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko tu, kinyume cha saa, upime tena. Nati ya chuma hicho ikigoma, usiilazimishe. Mpelekee fundi wa magitaa, kwani chuma hicho kikikatika shingo huharibika.

Kuhusu kutu, jasho na upepo wa bahari ndio chanzo. Hapa Lindi, kila baada ya ibada, mimi hufuta kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba. Nimehamia pia nyuzi bapa (zilizozungushiwa utepe bapa) za chuma cha pua, ambazo sauti yake nzito naipenda mno. Ila ukizifunga, pima shingo upya, kwani kwa kawaida huvuta zaidi.