Inanuka au inanukia karafuu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Natengeneza sabuni kwa mafuta ya makonyo. Kwenye lebo nimeandika: "Ina eugenol, inanuka kama karafuu." Mteja kaniambia nimeiharibia sabuni jina. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mteja wako kasema kweli. Kunuka, likisimama peke yake, ni kutoa harufu mbaya: soksi zinanuka, samaki wa juzi ananuka. Wapo wasemao "inanuka vizuri", na siwezi kuwaambia wamevunja sarufi, ila kwenye lebo jicho hukutana na "inanuka" kwanza. Kwa kizuri tuna kunukia. Ile -ia, ambayo katika pikia na katia ni ya kumtendea mtu, hapa imeacha kazi yake ikabeba uzuri. Wala shina lenyewe halina ubaya. Ndilo lililozaa manukato.

Linalonigusa zaidi ni hilo "kama". Kunukia hupokea jina moja kwa moja: kanga zinanukia udi, chai inanukia iliki. Ukitia "kama", unasema kitu chenyewe hakimo, kimefanana tu. Na sabuni yako inayo karafuu! Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, na kule Wawi, Chake Chake, Pemba, kuna kiwanda kinachovikeneka kupata mafuta. Kwa hiyo: inanukia karafuu. "Kama" liweke kwa jani la mdalasini. Lifikiche, lisogeze puani: linanukia kama karafuu, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta yake ni kemikali ileile iliyo kwenye karafuu, hiyo eugenol ya lebo yako. Gome la mti huohuo lina harufu yake nyingine kabisa.

Kemikali hiyo iandike eujenoli. Jina limetokana na Eugenia, jenasi, yaani kundi la mimea ya jamaa moja, ambamo wanasayansi waliuweka mkarafuu zamani. Mwisho wa -oli tunao katika fenoli na ethanoli, na -jeni tumeizoea katika oksijeni. "Yujinoli" ni kufuata tamshi la Kiingereza bila haja.

Hata hivyo, eujenoli ipeleke chini, kwenye orodha ya viambato. Juu, kwa herufi kubwa, andika: "Sabuni ya makonyo. Inanukia karafuu."