Fundi Anajibu: Simu ya laki nne na nusu ifike 2030

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, na pia mhazini wa kikoba chetu cha akina mama 24. Simu yangu imeanza kurusha matangazo hata ikiwa imefungwa, sijagusa kitu. Halafu mwaka jana nilikopa elfu sabini kwenye programu moja ya mikopo, nikachelewa siku mbili tu, wakawatumia wanakikoba wote meseji kwamba mimi ni tapeli. Nilikosa vikao viwili kwa aibu. Sasa nina laki nne na nusu. Nataka simu isiyonichungulia, inifae miaka mitano. Mwanangu wa kidato cha nne anasema nitafute yenye kamera ya megapikseli 108.*
*Mama wa Chumbageni, Tanga*

Marahaba mwalimu. Na pole, maana kuitwa tapeli mbele ya watu uliowashikia fedha si jambo dogo.

Kwanza shika hiyo simu uliyo nayo. Ingia Mipangilio, shuka mpaka Kuhusu simu, gusa Toleo la Android. Kuna mstari wa Sasisho la usalama, na tarehe yake. Juzi mzee mmoja aliniletea simu mpya, nailoni ya kioo bado haijabanduliwa, kainunua wiki ileile mtaa wa pili kutoka kibandani kwangu hapa Kariakoo. Nikamwonyesha tarehe: miaka mitatu nyuma. Akaniuliza, "Kwa hiyo nimeuziwa ya zamani?" Simu ni mpya kweli, ila mlango wake hauna kitasa.

Matundu ya usalama kwenye Android hayaishi kugunduliwa. Mwaka 2015 ilibainika kwamba ujumbe wa video peke yake ungeweza kumwingiza mwizi ndani ya simu, mwenyewe hata hajaufungua. Tangu Agosti mwaka huo Google wakaanza kutoa viraka vya kuziba matundu hayo kila mwezi. Tatizo ni kwamba kiraka hakikufikii mpaka kampuni iliyotengeneza simu yako ikichukue na kukutumia, na simu nyingi za bei ya chini hupokea viraka mwaka mmoja au miwili, basi. Wewe unayepokea namba za siri za miamala kwa meseji ndiye unayehitaji hivyo viraka kuliko mpiga picha wa harusi.

Na hesabu ya miaka huanzia siku aina hiyo ya simu ilipoanza kuuzwa, si siku uliyolipa dukani. Hapo ndipo wengi tunapopigwa.

Kwa fedha yako, kama unataka mpya kwenye boksi, ulizia Samsung Galaxy A16. Ilitoka mwishoni mwa 2024, na Samsung wameahidi miaka sita ya viraka, kwa hiyo inakufikisha 2030. Usichukue ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 kama unaweza kuongeza kidogo upate ya 6 au 8. Viraka vitakuja lakini simu yenyewe itakuwa inatambaa. Siku ya kuiwasha itakuletea visanduku vingi vya kukubali. Vilivyoandikwa si lazima, viache bila alama vyote.

Mimi binafsi natumia Pixel (simu ya Google wenyewe) ya mtumba. Pixel 7a ina viraka mpaka Mei 2028, 8a mpaka Mei 2031. Ukiipata 8a safi kwa bei yako, chukua, usinisubiri. Ila 6a iache: viraka vinaisha Julai 2027, na mwaka 2025 Google walituma sasisho linalopunguza uwezo wa betri ikishachajiwa mizunguko 400, kwa sababu ya kupata moto. Vijana watakwambia Pixel unaweza kuiwekea GrapheneOS, mfumo usio na macho ya Google. Ni mzuri sana, ninao. Lakini baadhi ya programu za benki huukataa, na mhazini hawezi kufika kikaoni akisema benki imegoma kufunguka.

Ukienda kwenye mtumba, nenda na laini yako. Pixel yangu ya kwanza niliijaribu kwa waifai ya muuzaji, ikaruka kama swala. Nimefika Mbagala usiku, naweka laini, inadai namba ya siri ya kufunguliwa: ilikuwa imefungiwa mtandao mmoja wa Marekani. Muuzaji kesho yake hakunikumbuka hata sura. Mimi fundi, wa miaka kumi na moja kazini! Basi weka laini, piga, ongea na mtu. Kisha bonyeza *#06#, linganisha IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi kama lipo, na uitume kwa meseji kwenda 15090 ujibiwe kama ni halisi.

Sasa lile la mkopo, na hapa nitakuwa mkweli. Hakuna simu ambayo ingekuokoa. Programu iliomba kusoma majina kwenye simu yako, ukabonyeza Ruhusu, kama tunavyobonyeza wote tukiwa na haraka ya fedha. Google walizipiga marufuku programu za mikopo kusoma majina mwaka 2023, na Benki Kuu ikazitaja 69 zisizo na leseni Novemba 2024, lakini zile zinazokuja kwa kiungo cha WhatsApp hazipitii kwenye duka la Google. Usisakinishe kitu kilichotoka huko. Na kwenye simu mpya, ingia Mipangilio, Usalama na faragha, tafuta Kidhibiti cha ruhusa, gusa Anwani. Utaona nani anasoma majina yako. Nilipofungua ya mke wangu nilikuta tochi. Tochi, mwalimu! Inamtafuta nani gizani?

Simu ya zamani mpe huyo kijana apigie picha. Lakini kwanza toa akaunti yako ya Google, ifute yote, na laini ya kikoba ibaki kwako.