Bibi yangu alivyocheza ukutani

Mliuliza wiki hii: ni kazi gani ya sanaa iliyowahi kukutisha na kukuchekesha kwa wakati mmoja? Yangu ni Théâtre d'ombres, yaani ukumbi wa vivuli, ya Mfaransa Christian Boltanski, ya mwaka 1984.

Ni vitu vya kitoto kabisa. Vijitu vya maboksi, bati na waya, vingine mifupa mitupu, vimening'inizwa. Taa inavimulika, feni inapuliza taratibu, na ukutani yanacheza majitu. Hakuna kilichofichwa: waya unauona, taa unaiona, na bado mwili unasisimka. Ndiyo maana naipenda. Mizuka hii haikudanganyi.

Boltanski alizaliwa Paris mwaka 1944. Wakati wa vita baba yake, Myahudi, alikuwa akijificha chini ya sakafu ya nyumba yao. Mtu wa nyumba hiyo angeweza kuishia kwenye sanaa ya makaburi tu, yeye akacheza. Hata kifo chake alikiwekea dau: tajiri wa Tasmania, Australia, David Walsh, alikubali kumlipa kila mwezi hadi afe ili karakana yake irekodiwe usiku na mchana, akiamini msanii angekufa ndani ya miaka 8. Boltanski alifariki mwaka 2021, dau ameshalishinda.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, alichukua maneno yetu mawili, Sasa na Zamani, kueleza jinsi wafu wanavyobaki nasi. Marehemu hukaa katika Sasa maadamu wapo waliomjua wanaomkumbuka kwa jina. Wa mwisho wao akiondoka, naye huzama katika Zamani. Kwa hesabu hiyo, bibi yangu amebakiwa na sisi wachache.

Basi usiku mmoja umeme ulikatika, nikachukua boksi la majani ya chai nikakata umbo lake, mgongo umepinda, mtandio begani. Nikalifunga uzi kwenye kijiti, mshumaa nyuma yake. Mwanangu akapuliza kidogo. Bibi akapanda hadi darini, shingo ikarefuka, akayumba kama yuko ngomani. Tukacheka sana. Kisha nikanyamaza, maana ndivyo alivyokuwa akitembea, goti la kushoto likichelewa.

Mwanangu hakumkuta bibi. Siku hizi umeme ukikatika tu, anamtaja kwa jina na kuniuliza kama anakuja.